Neno la ajabu limekuja mezani: ulieleze kwa asili yake, kwa mfano, kwa mikono au kwa kisa?

Kila ukoo una mtu wake wa kuulizwa. Kwetu nimeangukiwa mimi, sijui kikao kilikaa lini. Grupu la familia linaweza kunyamaza siku mbili nzima, ya tatu yake shangazi anarusha voisi ya dakika mbili, dakika moja na nusu ni salamu na kuuliza kama nimekula, halafu mwishoni kabisa ndo anatumbukiza: "sasa mwanangu, huo mfumuko wa bei wanaosema umeshuka, mbona sukari dukani haijashuka?" Na hapohapo mtoto wa dada kakaa pembeni na daftari la sayansi, anataka kujua osmosisi ni nini, na ana haraka maana katuni inaanza.

Zamani nilikuwa najibu bora nijibu. Nachukua la kwanza lililokuja kichwani, naropoka, wanaitikia "aaah", yameisha. Wiki moja baadaye unamuuliza mtoto osmosisi ni nini, anakutumbulia macho kama hamjawahi kuonana. Ila kuna maneno mengine niliyaeleza mara moja tu na mpaka leo wanayo, tena wanawaeleza wenzao. Nikakaa nikajiuliza tofauti iko wapi, nikaona kumbe nazunguka kwenye njia nne hizohizo: nafukua asili ya neno, au nalifananisha na kitu cha nyumbani, au nalionyesha kwa mikono, au nasimulia kisa chake. Zote zinafanya kazi, na zote zina siku zake za kukuumbua mbele za watu.

Kwahiyo kama na wewe ndo muulizwaji wa kwenu, au unafundisha tuisheni, au umekwama hujui uanzie wapi, hebu tuziweke pamoja tuzipime.

Nazipima kwa nini

Vitu vinne tu. Cha kwanza muda na vifaa, maana kuna njia unaimaliza ukiwa umesimama kituoni na kuna nyingine inataka jiko. Cha pili ukweli wake, yaani ukishaeleza hivo umemwachia mtu kitu cha kweli au umemwachia uongo mtamu. Cha tatu inakaa kichwani kiasi gani, wiki ijayo itakuwepo? Cha nne inamfaa nani, kwasababu mtoto wa miaka saba na babu aliyestaafu hawali sahani moja.

1. Kufukua asili ya neno

Hii ndo naipenda mi binafsi, nakiri, kwahiyo kama nitaisifia sana mnisamehe. Unachukua neno unalichimba mpaka mzizi, na mara nyingi maana inajitokeza yenyewe bila kusukumwa. Mshahara, kwa mfano. Shahr kwa Kiarabu ni mwezi, basi mshahara ni kile unacholipwa kwa mwezi, ndo maana anayelipwa kwa siku tunasema kapata posho au kibarua na masikio yanakubali bila kujua sababu. Hela na pesa nazo, watu wanayatumia kila siku hawajui kwamba zote mbili zilikuwa sarafu hapahapa kwetu enzi za Mjerumani: rupie moja ilikuwa pesa 64, mpaka 1904 walipobadilisha ikawa heller 100. Heller ikageuka hela. Sarafu zenyewe sa hivi unazikuta kwa wauza vitu vya kale, majina yamebaki mfukoni kwako.

Halafu gereza. Hili nililieleza siku moja kwenye daladala na mtu wa siti ya mbele akageuka kusikiliza. Linatoka kwa Wareno, igreja, maana yake kanisa! Kanisa limekujaje kuwa jela? Wareno walikuwa na makanisa yao kwenye hizi pwani, mengine ndani ya ngome, jina likahamia kwenye ngome yenyewe, na ngome nazo baadaye zikafungiwa watu. Fort Jesus ya Mombasa ilianza kujengwa 1593 na kuanzia 1895 mpaka 1958 ilikuwa jela kabisa. Ngome Kongwe ya Unguja imejengwa na Waomani palepale palipokuwa na kanisa la Wareno, nayo ikaja kufungiwa watu. Na ukienda Kilwa Kisiwani ile ngome ya ufukweni mpaka leo wanaiita Gereza.

Au karantini. Mwaka 2020 binti mmoja wa kwetu aliniuliza mbona watu wanakaa karantini siku 14, neno lenyewe maana yake nini. Nikamwambia quaranta kwa Kiitaliano ni arobaini. Bandari ya Ragusa, ambayo sa hivi ni Dubrovnik huko Kroatia, mwaka 1377 ilianza kuwazuia wanaotoka sehemu zenye tauni siku 30 kabla ya kuingia mjini, baadaye zikaongezwa zikawa 40, na jina likaganda hapo, hata siku zikipungua zikawa 14 bado linaitwa arobaini. Akacheka akasema kumbe kama mzazi anavyokaa arobaini ndani. Sikuwa nimewaza hivo ila ndo hivohivo, na tangu siku ile hajalisahau.

*Muda na vifaa:* dakika moja, hakuna kifaa, ila inabidi uwe umeshajua. Huwezi kubuni papo hapo, na ukibuni utaumbuka, maana hizi hadithi za asili ya maneno zimejaa uzushi mtaani, kila mtu ana yake.

*Ukweli wake:* hapa ndo pabaya. Asili ya neno inakwambia waliolitunga walifikiri nini, haikwambii kitu chenyewe kikoje, na waliolitunga wanaweza kuwa walikosea. Malaria ni Kiitaliano, hewa mbaya, kwasababu waliamini homa inaletwa na harufu ya madimbwi. Daktari Mfaransa Laveran akaja kuviona vijidudu kwenye damu mwaka 1880, daktari Mwingereza Ross akavikuta kwenye mbu mwaka 1897 huko India, hewa haikuhusika kabisa, ila jina lilishasambaa dunia nzima. Oksijeni vilevile. Mwanakemia Mfaransa Lavoisier aliipa jina lenye maana ya mzaa asidi akidhani kila asidi lazima iwe nayo, kumbe asidi ya haidrokloriki, ileile iliyoko tumboni mwako unaposoma hapa, imeundwa kwa haidrojeni na klorini tu. Na atomu kwa Kigiriki ni kisichokatika, tunajua leo kinakatika vizuri tu na kinapokatika mji mzima unaondoka.

*Kukaa kichwani:* juu sana kwa watu wanaopenda maneno. Kwa mtoto mdogo inapita, Wareno ni akina nani kwanza.

*Inamfaa nani:* watu wazima, wanafunzi wa lugha, wazee, watu wa kahawa barazani. Na maneno ya historia na maisha ya kila siku kuliko ya sayansi. Kwenye hesabu inakubali ukibahatisha: aljebra ni al-jabr, kuunga kilichovunjika, neno la mwanahesabu al-Khwarizmi wa Baghdad karne ya 9, na Uhispania zamani aliyeitwa algebrista alikuwa muunga mifupa. Mwambie hivo mwanafunzi anayechukia X, walau atatabasamu kabla ya kuendelea kuichukia.

2. Kufananisha na kitu cha nyumbani

Hii ndo ya wengi, na kwa haraka hakuna inayoishinda. Umeme ni maji kwenye bomba: volti ni presha, tenki likiwa juu ya paa presha inakuwa kubwa, ampea ni wingi wa maji yanayopita kwa wakati, na ukinzani ni wembamba wa bomba. Kwa sentensi tatu mtu ambaye hajawahi kukanyaga darasa la fizikia anaelewa kwa nini waya mwembamba kwenye jiko la umeme unachemka mpaka unaungua, kwasababu umelazimisha maji mengi yapite kwenye mrija wa soda.

Swali la shangazi nililijibu kwa njia hii. Nilimwambia, shangazi, chukulia bodaboda inapanda mlima. Bei ni mahali bodaboda ilipo, mfumuko ni kasi yake. Dereva akipunguza mwendo bado anapanda, hajageuza kurudi chini. Sukari ilikuwa 3,000, mfumuko wa asilimia 10 ukaifikisha 3,300, mwaka uliofuata mfumuko ukashuka ukawa asilimia 5, sukari ikawa 3,465. Mfumuko umeshuka kweli, na sukari imepanda kweli, na wote wawili, wa taarifa ya habari na wa dukani, hawajakudanganya. Akakaa kimya kama nusu dakika nikajua mtandao umekata, kumbe anawaza, akasema "basi wangesema bodaboda imepunguza mwendo". Nikasema ndio shangazi, wangesema.

*Muda na vifaa:* sekunde thelathini ukiwa na mfano mzuri. Kuutafuta huo mfano mzuri ndo kunaweza kuchukua wiki.

*Ukweli wake:* kila mfano unafika mahali unagoma, hakuna usiogoma, kwahiyo swali ni unagomea wapi na kama mwenzako anajua. Bomba ukilikata maji yanamwagika sakafuni, waya ukiukata umeme haumwagiki, unasimama tu. Mtoto mwerevu atakuuliza hilo na usipojiandaa utaanza kubabaika. Mbaya zaidi ni mifano ambayo hakuna anayekwambia imegoma: sisi wote tulichorewa atomu kama jua na sayari zake, elektroni zinazunguka kwenye vijia vya duara, tukakariri, tukafaulu, halafu ukifika juu unaambiwa futa, haziko hivo, hakuna vijia. Miaka yote hiyo hakuna aliyesema "huu ni mfano tu".

*Kukaa kichwani:* inakaa, tena wakati mwingine inakaa kupita kiasi, mtu anakumbuka bodaboda anasahau ilikuwa inaeleza nini.

*Inamfaa nani:* mwenye haraka, mwenye swali la leo, anayetaka kuelewa afanye uamuzi siyo afanye mtihani. Inafaa sana kwa vitu usivyoweza kuvishika, uchumi, umeme, kompyuta, kinga ya mwili. Angalizo, mfano uwe wa maisha yake yeye. Kuna siku nilimweleza babu kitu cha simu kwa mfano wa kompyuta. Sijui nilikuwa nawaza nini.

3. Kuonyesha kwa mikono

Turudi kwa mtoto na osmosisi yake. Siku ile nilikuwa nakata kachumbari, nikamwita. Nikakata vipande viwili vya tango, unene sawasawa, kimoja nikakinyunyizia chumvi kingine nikakiacha, nikamwambia katuni yako nenda kaangalie ukirudi nikuulize. Karudi baada ya dakika kama ishirini, kipande chenye chumvi kimelegea, kinapinda ukikishika, na chini yake kumejaa maji kwenye sahani, kile kingine bado kigumu. "Umeongeza maji?" Sijaongeza. "Yametoka wapi?" Ndani ya tango. Chumvi iko nje nyingi, ndani ya seli ni kidogo, na ngozi nyembamba ya seli inaruhusu maji yapite, basi maji yanahama kutoka ndani kwenda kule kwenye chumvi nyingi. Akachukua kidole akayaonja yale maji, akakunja uso, akasema sasa nimeelewa kwa nini mama anafikicha vitunguu na chumvi. Sikumwambia tena osmosisi ni nini, alikuja kuniambia yeye.

Jikoni kuna mambo mengi ya hivi ukiyaangalia vizuri. Juisi ya rosela ni kipimo cha asidi: igawe kwenye glasi mbili, moja kamulia limau inakuwa nyekundu inayong'aa, nyingine tia magadi kidogo inageuka rangi ya kijanibluu ya ajabu kama maji ya kufulia uniform, na hapo hutaki kuinywa tena. Na kuna hili ambalo kila anayepika chapati kaliona ila hajui lina jina. Chuma kikiwa cha moto wastani ukirusha tone la maji linachemka "tsss" linapotea. Kikiwa cha moto kupita kiasi, tone halipotei, linajikunja kama gololi linateleza huku na huku linacheza muda mrefu kuliko ulivyotegemea. Hiyo inaitwa athari ya Leidenfrost, kwa jina la daktari Mjerumani Johann Gottlob Leidenfrost aliyeiandika 1756. Upande wa chini wa tone unageuka mvuke mara moja, na huo mvuke unakuwa kama mto wa kulalia, unalibeba tone juu lisiguse chuma, ndo maana halikauki haraka. Mama ntilie wanakitumia kama kipimo cha moto bila kumjua daktari yeyote.

*Muda na vifaa:* hapa ndo inapopoteza wengi. Inataka kitu, sahani, moto, dakika ishirini, subira. Kwenye voisi haiwezekani, labda utume video na bando nalo liwe limeshiba. Na kwa watoto na chuma cha moto, mkubwa ashike yeye.

*Ukweli wake:* wa juu kuliko zote, maana maji yale yametoka mbele ya macho yake, hakuna maneno yangu katikati. Ila jaribio linakuonyesha kwamba kitu kinatokea, sababu bado inabidi uiseme, na ukiisema vibaya amebaki na ushahidi mzuri wa maelezo mabaya. Halafu linaweza kugoma. Nitawaambia la kwangu hapo chini kidogo.

*Kukaa kichwani:* bora kuliko zote kwa watoto, sina ubishi.

*Inamfaa nani:* watoto wa shule ya msingi, watu wasioamini mpaka waone, na masomo ya sayansi yanayoingia jikoni au uani. Kwenye historia haikusaidii kitu, huwezi kuonyesha rupie 64 kwa tango.

4. Kusimulia kisa

Kuna neno la sayansi duniani lenye jina la Mtanzania na Watanzania wengi hawalijui, athari ya Mpemba. Siyo mtu wa Pemba, ni Erasto Mpemba. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu, sekondari ya Magamba huko Lushoto, na vijana walikuwa wanatengeneza aiskrimu. Utaratibu ulikuwa unachemsha maziwa, unachanganya na sukari, unasubiri yapoe ndo unaweka kwenye friza, na nafasi kwenye friza zilikuwa za kugombania. Siku hiyo mwenzake mmoja akaamua kutochemsha kabisa ili awahi nafasi. Mpemba akaona akisubiri yake yapoe atakosa, akaweka yakiwa ya motomoto hivohivo. Saa moja na nusu baadaye wanafungua, ya Mpemba yameganda, ya mwenzake bado uji.

Akamuuliza mwalimu, akaambiwa umechanganyikiwa, haiwezekani. Akaenda Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, akauliza tena, huko akaambiwa hiyo ni fizikia ya Mpemba siyo fizikia ya dunia, na ikawa ndo utani wa darasa, akikosea hesabu tu, "hiyo hesabu ya Mpemba". Sasa akaja mgeni, Denis Osborne, mwalimu wa fizikia kutoka chuo kikuu Dar es Salaam, kijana akanyoosha mkono mbele ya watu wote akauliza lilelile: maji ya nyuzi 35 na maji ya nyuzi 100, vyombo sawa, vyote ndani ya friza, ya moto yanaganda kwanza, kwa nini? Wenzake wakacheka. Osborne hakucheka, akasema sijui ila nitakwenda kujaribu. Akajaribu kweli, na mwaka 1969 wawili hao wakaandika pamoja kwenye jarida la Physics Education. Jina likabaki.

Kila nikisimulia hii, hata kwa watu wasiopenda sayansi kabisa, hakuna anayeshika simu.

*Muda na vifaa:* dakika tano mpaka kumi, na ulimi. Kama hujui kusimulia acha, utaiua.

*Ukweli wake:* visa vinaungwa nazi. Newton hakudondokewa na tofaa kichwani, rafiki yake Stukeley aliandika kwamba Newton mwenyewe alimwambia wazo lilimjia kwa kuona tofaa linaanguka, kichwa kimeongezwa baadaye na wapishi wengine. Na hata kisa kikiwa cha kweli kama cha Mpemba, ukimuuliza msikilizaji kwa nini maji ya moto yanawahi, hajui, kwasababu kisa hakikusema, na wanasayansi wenyewe mpaka leo wanabishana, wengine wanasema ni mvuke unaopotea, wengine ni mizunguko ya maji ndani ya chombo, wapo waliopima upya wakasema hawaioni kabisa. Mi mwenyewe nilijaribu kwenye friza ya nyumbani, vikombe viwili, mara mbili, na mara zote mbili kikombe cha baridi kikashinda mbele ya watoto niliokuwa nimeshawaahidi maajabu. Nilifunga friza taratibu.

*Kukaa kichwani:* miaka na miaka. Kinachokaa lakini ni mtu na tukio, siyo kanuni.

*Inamfaa nani:* darasa zima lililosinzia, kijana aliyeambiwa swali lake la kijinga, familia umeme ukikatika. Haimfai mwenye mtihani kesho asubuhi.

Tuzijaribu kwa neno moja: chanjo

Maana kusema kila njia na mfano wake niliouchagua mimi siyo haki, tuzipe kazi moja.

Kwa asili: chanjo inatoka kwenye kuchanja, kama unavyochanja kuni au kuchanja chale, ngozi inakatwa kidogo dawa iingie. Wazungu wao wakaiita vaccine, kwa jina la ng'ombe, vacca kwa Kilatini. Inavutia, ila hujamwambia mtu chanjo inafanya nini mwilini.

Kwa mfano: ni kama kuwapa sungusungu picha ya mwizi kabla hajafika mtaani, siku akitokea wanamjua. Hii ndo inayoeleza kazi yake kwa haraka kuliko zote, na inagoma pale unapoulizwa kwa nini nyingine zinataka kurudiwa, labda useme picha inafifia.

Kwa mikono: hapana. Hakuna cha kuonyesha nyumbani na usijaribu.

Kwa kisa: tarehe 14 Mei 1796 huko Uingereza, daktari Edward Jenner alichukua majimaji ya kipele cha ndui ya ng'ombe mkononi mwa mkamua maziwa, Sarah Nelmes, akamchanja nayo mtoto wa miaka 8, James Phipps, na baadaye alipompa ndui yenyewe mtoto hakuugua. (Leo angefungwa, lakini tuendelee.) Na mwisho wa kisa uko jirani kabisa na sisi: mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida alikuwa Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca, Somalia, mwaka 1977. Akapona. Mwaka 1980 ikatangazwa ndui imekwisha duniani. Baadaye alijitolea kwenye kampeni za chanjo ya polio, akiwaambia wazazi yeye ndo yule wa mwisho.

Ukiniuliza, kwa mzazi anayesitasita kliniki ningeanza na sungusungu nikamalizia na Maalin. Kwa mwanafunzi wa Kiswahili ningeanza na kuchanja. Nesi mmoja niliyemsimulia haya akasema yeye hana muda wa Jenner, ana foleni ya akina mama arobaini, sungusungu inamtosha. Yuko sahihi.

Sasa wewe chagua kwa hali yako

Kama ni mtoto wa msingi na neno ni la sayansi, tazama kwanza kama liko jikoni. Likiwepo, inuka ukalionyeshe hata kama umechoka, maelezo ya mdomo utayarudia mara kumi na tango utalikata mara moja. Jaribu mwenyewe kwanza akiwa hayupo, nimeshawaambia habari za friza.

Kama ana mtihani kesho, mfano mfupi halafu mara moja umrudishe kwenye maana ya kitabu aiandike kwa maneno yake. Msahihishaji hampi maksi bodaboda.

Kama ni kikao cha wazee au watu wa lugha, au neno ni la historia, fukua. Ila uwe na uhakika, na neno likiwa na asili mbili zinazogombana sema ziko mbili. Wazee wanaheshimu hilo kuliko unavyodhani, na mmoja wao huenda anayo ya tatu.

Kama ni darasa la watu hamsini na saa nane mchana na wamekula ugali, kisa. Usifikirie mara mbili. Halafu wakishaamka ndo uchore kanuni ubaoni.

Kama mwenye swali ni mbishi, anataka ushindi siyo jibu, usimpe mfano hata kidogo, atakaa kwenye mfano wako mpaka jioni akikuonyesha tundu zake. Mpe kitu akione, au muombe yeye ndo aeleze.

Na kama ni voisi ya shangazi saa tatu usiku na bando lako linapumua kwa shida, mfano, sentensi mbili, na ya tatu umwambie unagomea wapi, kwasababu kesho asubuhi atakwenda nao kwenye kikundi cha akina mama kama alivyoupokea. Wa bodaboda ulishanirudia, kupitia kwa mama mkwe, ukiwa umeongezewa abiria wawili na gunia la mkaa.